Mpaka wa Mfuruni

Tulieni, niwasimulie mambo kama yalivyofuatana. Mfuruni palikuwa na nyumba saba, bila jumbe wala mpaka, kuuzunguka mti wa mfuru wenye zimwi. Aliyekula furu, matunda yake, hakutoka tena. Mwanakheri, aliyeolewa huko, alikwisha kuzila, ndipo ikaja habari kwamba mamaye mgonjwa ng'ambo ya bonde.

Akafuata njia, ikamrudisha mfuruni. Akafuata mto, ukamrudisha. Akafuata jua, nalo likamrudisha.

"Karibu tena, shemeji!" zimwi likacheka. "Utatokaje mahali pasipo na mwisho?"

Mwanakheri akamgeukia mumewe, Kibwana. "Mume wangu, nikatie minyaa ya kupanda ua."

Wakaipanda mstari mmoja, kama watu wagawanapo mashamba.

Zimwi likakoma kucheka. "Sasa pana mwisho. Lakini atavuka mmoja tu, wala hataingia tena."

Mwanakheri akasita.

"Mke hupata mume mwingine," Kibwana akasema. "Mama humpati. Nenda."

Akavuka, akamuuguza mamaye hata akapona. Kisha akarudi, akaketi nje ya minyaa, Kibwana ndani, wakizungumza kila asubuhi, mpaka ua ulipowapita kimo.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliye karibu na mlango na aufungue.