Kata ya Maji ya Digidigi

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali hata vyura wakasahau kuimba. Kisima kimoja tu kilibaki na maji, huko kilimani kwa Mfalme Simba. Desturi ilikuwa ya tangu zamani: mnyama mzima alipanda mwenyewe kunywa, na mgonjwa alipelekewa kata yake ya maji hadi mlangoni.

Digidigi alikuwa mgonjwa wa kifua tangu utotoni. Leo anaruka vichaka, kesho hawezi hata kuinua shingo. Bila kata ile angekufa, na alilijua hilo vizuri.

Msimamizi wa maji ya wagonjwa alikuwa Fisi. Ndiyo, Fisi! Alimsifia Simba manyoya, akapewa cheo. Haukupita muda akatangaza mageuzi.

"Wavivu wamezidi! Kuanzia sasa, anayejiita mgonjwa aje huku juu nimpime."

Digidigi akajikongoja mpaka kilimani, akafika anahema.

"Umepanda mwenyewe?" Fisi akauliza.

"Nimepanda, Bwana Mkubwa."

"Basi u mzima. Nenda kanywe na wenzako, kata yako nimeifuta."

"Na asiyeweza kupanda je?"

"Huyo hajafika. Nitampimaje asiyefika?"

Siku ile Digidigi alikunywa. Kesho yake kifua kikambana, akashindwa kuinuka, na hakuna aliyemletea hata tone. Maji ya wagonjwa Fisi alikuwa akiyaogea.

Sungura, jirani wa Digidigi, alimkuta amelala mlangoni, ulimi umekauka. Akampa maji kidogo aliyokuwa nayo, kisha akapanda moja kwa moja kwa Simba.

"Ewe Mfalme, ukarimu wako hausifiwi vya kutosha. Tangaza kwamba mgonjwa kuliko wote atapewa paja zima la nyati."

Simba, ambaye sifa hazimshibishi, akatangaza papo hapo.

Wa kwanza kufika barazani alikuwa Fisi, amejipaka majivu, anaburuta mguu.

"Ninakufa, Mfalme! Kifua, tumbo, mgongo, vyote!"

"Pole sana," Sungura akasema. "Umepanda mwenyewe?"

"Nimepanda."

"Basi u mzima. Si ndiyo kanuni?"

Fisi alikwisha kunusa lile paja. Mate yakamtoka, na akili nayo ikamtoka. "Kanuni ya kijinga hiyo! Mgonjwa anaweza kupanda leo, kesho asiinuke! Mpumbavu gani hajui hilo?"

Baraza zima likamtazama. Hata Simba, ambaye huchelewa kuelewa, safari hii alielewa.

"Mimi nilisema hivyo tangu mwanzo," Simba akadai, na hakuna aliyethubutu kucheka. Fisi akavuliwa cheo, akatwishwa mtungi, na Sungura akamfuata nyuma asije akaunywa njiani.

Walimkuta Digidigi amesimama, macho maangavu. Fisi akanung'unika, "Lakini leo si umeamka vizuri?"

"Leo, ndiyo," Digidigi akajibu, akapokea kata yake, akanywa yote.