Pipa Lisilotiwa Sukari

"Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza."

Hivyo ndivyo Kimani wa Nairobi alivyopenda kuigeuza methali ya wahenga, akiwa ameegemea meza yake katika jumba la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei, jijini Guangzhou. Ushahidi alikuwa nao. Viatu vya plastiki vinavyofumuka midomo kwa mvua ya kwanza aliviuza kabla ya kufungua maboksi. Vya ngozi halisi alivibeba begani ghorofa hadi ghorofa, mpaka mkanda wa begi ukakatika. Wafanyabiashara wenzake walicheka, kisha wakakubali. Methali ikigeuzwa na mwenye ulimi mtamu huweza kutembea kichwa chini kwa muda mrefu.

Mwaka ule wa 1998 Kimani alikuwa na mshirika aliyeitwa Yustina, Mhaya wa Bukoba, mwanamke asiyepoteza neno. Baba yake alikuwa mkanyagaji ndizi za rubisi, pombe ya kwao, na Yustina aliijua harufu ya kinywaji kinachoumuka kabla hajajua kusoma. Kazi mpya alifundishwa na Joseba, fundi wa mashine, Mbaski kutoka milima ya kaskazini mwa Uhispania. Watu wa kwao hukamua matufaha, wakaiacha juisi iumuke yenyewe pipani, bila sukari wala hamira ya dukani, mpaka utamu wote uishe. Kinachobaki ni kinywaji kikavu, kisicho angavu sana, chenye ukakasi, wanachokiita sagardo. Joseba alikuwa amepanga stoo nyuma ya soko na kuweka pipa la mbao humo. Mwezi Oktoba walikamua matufaha ya Shandong yaliyonunuliwa na Kimani. Mkataba wa kazi wa Joseba ulipokwisha, alimwachia Yustina pipa na sharti moja tu: asilitie kitu.

Walipatana hivi: Yustina alinde pipa, Kimani atafute soko.

Ukafika mwezi Machi, wakati ambapo kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo zilizoanikwa hazikauki. Sagardo ilikuwa tayari, lakini mwenye stoo alikuwa ameshasema ataitaka stoo yake mwisho wa Aprili. Isitoshe, joto lilikuwa njiani, na sagardo ikikutwa na joto pipani hugeuka siki. Yustina asipopata wanywaji na mahali pa kuliweka pipa, kazi ya miezi sita ingemwagwa mtaroni, naye angerudi kuandika namba juu ya mizigo ya watu, kazi aliyoikinai kama uji baridi.

Kimani alimleta bosi Chen, mwenye ukumbi wa karaoke. Yustina alifanya alivyofundishwa. Aliinua chupa juu ya kichwa, akashusha glasi mpaka usawa wa nyonga, akaachia uzi mwembamba uanguke na kupiga ukingo wa glasi. Sagardo haina povu la bia. Huamka kwa kule kuanguka, ikanukia kwa muda mfupi, kisha ikalala tena. Ndiyo maana humiminwa kimo cha vidole viwili tu na kunywewa papo hapo. Chen alicheka, na Kimani akaona haya.

"Wacha sarakasi, Yustina. Huyu ni bosi wa watu," alisema.

Akamnyang'anya chupa, akainamisha glasi na kuijaza polepole mpaka pomoni, kama bia ya nyumbani. Sagardo ikakaa kimya ndani ya glasi kama maji ya kidimbwi. Chen alionja, akakunja uso, akasema ni siki. Hata hivyo, alitoa ahadi: itiwe sukari na sharubati nyekundu, naye atachukua pipa zima Jumamosi.

Kesho yake asubuhi Kimani alifika na gunia la sukari begani, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Hiyo iache nje, kaka," Yustina alisema kutoka mlangoni.

"Nje? Mvua itainyeshea."

"Itakuwa imepata kazi yake. Humu haina."

Kimani alimkumbusha tarehe ya mwenye stoo. Alimkumbusha joto. Alimwambia kwamba ulimi wa mnywaji ndio mfalme, na mfalme anataka sukari. Yustina alijibu kwa utulivu kwamba sukari ingeiamsha hamira ya asili iliyolala, na vizibo vingeruka. Lakini hata visingeruka, asingekubali. Kitu kilichoshinda miezi sita kikiutoa utamu wake hakiombwi kiuvae tena kwa ajili ya Jumamosi moja. Chen alipokuja kuchukua mzigo, Yustina mwenyewe alimwambia hauzwi, na Kimani akabaki akitazama viatu vyake.

Hapo waligawana. Nusu ya pipa ilikuwa haki ya Kimani, naye aliihamishia kwenye chupa zake, akatia sukari, akatia wekundu, akampelekea Chen. Siku ya tisa kizibo kiliruka katikati ya wimbo wa mapenzi, kikampiga mwimbaji shavuni. Chen alirudisha kila kilichobaki. Ndipo Kimani alipoanza kupanda na kushuka ngazi za Tianxiu na chupa mkobani, akigonga mlango kwa mlango, akipunguza bei kila ghorofa. Nassor wa Unguja alizinusa kwa adabu.

"Mimi ni Mwislamu, pombe sinywi," alisema, "lakini hii yako, ndugu yangu, imenizidishia imani."

Yustina naye hakugonga mlango wowote. Nusu yake aliitia kwenye chupa, na mchana akaenda kula kwenye duka la bata bukini wa kuchoma alikozoea kula, akiwa na chupa moja ya kushushia chakula chake. Nyama ile ina mafuta, na watu wa Guangzhou huila na mchuzi mchachu wa plamu ili kuyakata. Yustina alisimama, akamimina kutoka juu, akanywa, akakaa kula. Bwana Liang, mwenye duka, alikuwa ameshika panga lake la kukatia nyama. Aliliweka chini. Lugha yao ya pamoja ilikuwa maneno machache ya sokoni, lakini mkono wake ulionyoosha glasi haukuhitaji mkalimani.

Alikunywa. Akala kipande cha ngozi iliyokauka kwa moto, akanywa tena. Kisha alikisukuma kibakuli cha mchuzi wa plamu mpaka pembeni mwa meza, kama anavyoondolewa mgeni aliyekalia kiti cha mwenyewe. Alipojaribu kumimina, nusu iliishia kwenye aproni yake, na walaji wakacheka, halafu wakaomba nao wajaribu.

Siku ya tatu walikuwa wakimfuata stooni, wengine wakiwa na nyama mkononi ndani ya karatasi. Kabla ya katikati ya Aprili chupa zilikwisha. Bwana Liang alimpa chumba cha baridi nyuma ya duka lake, na vijana wake wanne wakalibeba pipa tupu mpaka huko, ili lingojee matufaha ya Oktoba.

Kimani alimkuta Yustina humo akilisugua pipa kwa brashi na maji ya moto. Alikaa juu ya kreti, mkoba magotini.

"Ulinivunjia heshima mbele ya mteja wangu," alisema. "Niombe radhi, dada, neno moja tu. Nami nitarudi tukamue pamoja."

Yustina alizamisha brashi ndani ya ndoo, akajifuta mikono.

"Oktoba njoo na mikono yako miwili, kaka, nitakupokea na kazi nitakupa. Lakini radhi siombi, si leo wala hiyo Oktoba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."