Ukuta wa Siwatu

"Ukiyanyima maji njia, yatapita chumbani." Vijana, mmelisikia neno hili leo na mnataka kujua lilikotoka. Lilizaliwa mtaa wa Mbuyuni Chini, nyumbani kwa Siwatu.

Siwatu alinunua kiwanja wakati wa kiangazi. Katikati yake lilipita korongo kavu linaloelekea mtoni, na korongo kavu nani atalijali? Alilijaza kifusi, akasakafia ua wote asikanyage tope, kisha akajenga ukuta upande wa chini ili wapita njia wasimchungulie. Majirani wa juu nao walikuwa wamesakafia zamani. Mtaa ukang'aa, hata jani la dawa hulipati. Siwatu akamleta mama yake, Bi Mwanahawa, asiyeweza tena kutembea, wale raha pamoja.

Masika yakaingia. Mchana mmoja ilinyesha mvua ya kawaida tu, ikakatika. Siwatu alikuwa anapepeta mchele alipoona maji yanaingia kwa mlango wa uani. Akaduwaa. Mvua si imekwisha? Mto nao uko chini, tangu lini maji yakapanda mlima? Akadhani bomba limepasuka, akafunga koki. Maji yakazidi. Akamgeukia jirani wa juu.

"Chande! Umetufungulia nini huko?"

"Nikufungulie nini, dada? Mwenyewe niko juu ya meza!"

Siwatu akahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Aliyafagia maji yatoke, yakagonga ukuta yakarudi. Kutoka chumbani mama yake akaita. Godoro lilikuwa limeanza kuelea, na mama yuko juu yake.

"Mama, sijui yanatoka wapi!"

"Miye najua yanakotaka kwenda. Umeyanyima njia, ndiyo haya yanapita chumbani kwangu. Vunja ukuta!"

"Ukuta wangu mpya, mama?"

"Basi nizike mimi, ubaki na ukuta wako."

Siwatu akachukua nyundo, akaupiga ukuta huku analia. Ulipotoboka, maji yaliporomoka kwenda mtoni, yakichukua ndoo, viatu na ule mchele. Akarudi mbio, akamkuta mama yake anatetemeka, lakini yu hai.

Chande akatokea mlangoni na sururu mkononi, kachanganyikiwa.

"Dada, nami nivunje ukuta wangu, au ningoje kwanza pakauke?"

Siwatu alimwonyeshea kidole mama yake, aliyelowa chepechepe hadi kwenye mtandio.

"Ukiyanyima maji njia," akasema, "yatapita chumbani."