Ndiva Iliyokosa Jina

Hapo zamani, huko milimani Upare, Naetwe alikuwa anatwanga mahindi ya makande, nusu yamekoboka na nusu bado, shemeji yake Mbonea akatokea mbio, tope hadi magotini.

"Shemeji, weka mchi chini! Padri wa kitabu yuko ndivani."

"Si tulikuwa tunamngoja? Mlete."

"Kaikuta tupu! Anasema pasipo na maji hapaandikwi kijiji."

Padri huyo alitoka Ayalandi. Kwao kila parokia na kila kijiji kimeandikwa kitabuni: mto wake, soko lake, kanisa lake. Sasa aliandika vijiji vya mlimani, na wakubwa waligawa maji kwa kufuata kitabu hicho. Kilongweni, kwao Naetwe, ikiachwa, itakuwa kitongoji cha kijiji jirani cha Mbaru, na watu wa Mbaru ndio watakaopanga zamu za maji. Watu wa Mbaru! Hata kaa la moto hawaazimishi.

Ndiva ni bwawa la kuchimba. Hujaa usiku, hufunguliwa alfajiri, mchana hubaki tope. Kila mtu Kilongweni alijua hivyo, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

"Naandika ninachokiona," alisema padri alipoletwa uani. "Na jioni nalala Mbaru."

"Kwanza utakula," alisema Naetwe.

Akainjika makande kwa kuni mbichi, yachelewe kuiva. Padri akiuliza, "Tayari?" Naetwe anajibu, "Karibu, Baba." Akiuliza tena, "Karibu, Baba." Watoto wakalia njaa, akawanyamazisha kwa jicho.

Huko juu zamu ya mfereji ilikuwa ya jirani yao Bibi Nakijwa, na maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Mbonea alipopanda kumwomba, Bibi aliwatukana wote, kisha akayageuza maji yaende ndivani. Lakini kizibo cha ndiva kilikuwa kimevunjika asubuhi. Mbonea akashuka, akaziba tundu kwa mgongo wake, akakaa humo mpaka meno yakagongana.

Jua likainama. Padri akaenda kunawa, akakuta ndiva imejaa mpaka ukingoni. Akacheka, akarudi uani kwa Naetwe, akaandika: Kilongweni, kijiji. Kisha akainua kalamu.

"Kwetu kila kisima kina jina la mtakatifu wake. Hii ni ndiva ya nani?"

"Yangu," alisema Bibi Nakijwa, aliyekwisha kushuka. "Maji yangu, na maharage yangu yamelala chini. Bila mimi, Mbonea angezuia nini? Upepo?"

"Maji yako yangepita tu, bibi. Mgongo huu ndio ulioyashika, na mpaka sasa siusikii."

"Na asubuhi nani alivunja kizibo?" aliuliza Naetwe.

"Nilikivunja mimi, nikawa kizibo mimi. Tumemalizana."

"Haya. Na ndiva ingejaa mgeni yuko Mbaru, nani angeiona? Moshi wa kutwa nzima nimekula mimi, na watoto hawa wameshinda njaa."

Hakuna aliyerudi nyuma. Naetwe akachoka kubishana, akapakua. Akatazama duara zima: Bibi yupo, Mbonea yupo ndani ya kanga mbili, watoto wote wapo, padri yupo. Makande yalikuwa laini kupita kiasi. Wote walikula, isipokuwa padri, aliyeshikilia kalamu akingoja.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, chakula cha mgeni kinapoa. Ndiva iitwe ya nani?