Mtoto Aliyefika Sikio

Hapo zamani, watu walipokuwa hawaandiki siku ya kuzaliwa wala haiwasumbui, umri wa mtoto ulipimwa kwa sikio. Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi. Akilishika sikio la kushoto, basi amekuwa mkubwa, na asipolifikia, bado mdogo, arudi akacheze. Ndivyo walivyopima katika mji wa Mlimbani, uliotawaliwa na Sultani Mwinyi Hatibu. Sultani huyo alikuwa mtu mwema, ila mvivu wa kufikiri akishakula, na waziri wake, jina lake Makungu, alilijua hilo vizuri, kwa hiyo mashauri yake yote aliyapeleka baada ya chakula cha mchana.

Ilikuwa desturi ya mji huo kwamba asiye na kazi huenda kwenye ghala la Sultani kila Ijumaa, akapimiwa pishi ya mtama, akala na wanawe hadi apate pa kushika. Basi Waziri Makungu alikuwa na shamba kubwa la mtama ng'ambo ya mto, nalo lilikosa wavunaji, maana ujira wake ulikuwa wa kutia aibu. Siku moja akamwendea Sultani ameshiba pilau, akamweleza kwamba ghala linaliwa na wavivu. Akashauri iwekwe sheria: mwenye mtoto mchanga aendelee kupewa pishi yake, lakini mzazi ambaye mtoto wake amefika sikio, huyo mtoto sasa anajilea, na mzazi aende kazini tangu jua lichomozapo hadi lizamapo, na asiyetaka asipewe hata punje. Sultani akapiga mwayo, akasema ni vyema, akalala. Ikawa ndiyo sheria, mbiu ikapigwa mji mzima.

Ijumaa iliyofuata pale ghalani palikuwa na kichekesho. Wazazi waliwavika watoto vilemba vikubwa kama vya makadhi ili mkono usifike. Wengine waliwafundisha kupinda shingo upande usiofaa. Mama mmoja alimleta mwanawe kambeba mgongoni kwa kanga, naye miguu yake inaburuzika chini, akaapa kwamba bado ananyonya.

Katika watu hao alikuwemo mjane mmoja, Mize binti Faki, mfua nguo. Watu walimwita punguani, kwa sababu alikuwa akiambiwa neno hulitenda kama lilivyosemwa. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia afue nguo zote zilizopo barazani pake, naye akakusanya zote, kisha akasimama mbele ya tajiri akisubiri na kanzu aliyoivaa, mpaka yule bwana akaivua, akaingia ndani amejifunga shuka. Mize alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi. Mama alifua asubuhi tu, na adhuhuri akarudi nyumbani, maana siku moja alipochelewa, Mwanaidi alikoka moto ili ampikie mama uji, moto ukadaka paa la makuti, na lau si majirani angeungua mtoto na nyumba yake. Tangu siku hiyo Mize akisikia harufu ya moshi tu, hukimbilia nyumbani. Nguo za kufua nazo zilikuwa zimeadimika, na pishi ile ya Ijumaa ndiyo iliyowafikisha Ijumaa nyingine.

Zamu yao ilipofika, Mize hakumvika mtoto kilemba. Mwanaidi naye alikuwa amejizoeza wiki nzima na wenzake, maana watoto hawajui siasa, kwao kufika sikio ni sherehe. Akapitisha mkono, akalidaka sikio, akalivuta na kucheka mbele ya Waziri. Waziri akacheka pia, kwa sababu zake. Akamwambia Mize kuanzia kesho aende shambani kwake kuvuna kutwa.

Mize akauliza, "Na huyu mtoto, Bwana Waziri, nimwache na nani?"

"Amefika sikio," Waziri akasema. "Mtoto aliyefika sikio hahitaji wa kumlea. Ndiyo sheria ya Sultani, nayo haibagui mkubwa wala mdogo."

Moyo wa Mize uliuma, akaliona paa lake linawaka tena. Lakini uso wake ulibaki vilevile wa kipunguani. Akasema sheria hiyo ni nzuri mno, ila inaelekea wengi hawajaifahamu, kwani ameona kwa macho yake watu wazima wanaendelea kuwalea watoto waliokwisha kufika sikio. Akaomba kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto na kuwaondoa kazini wote wanaowalea bure, na atakwenda na binti yake awe wa kuonyesha namna mkono unavyopitishwa. Kazi hiyo, alisema, ni ya kutwa nzima.

Waziri akapiga hesabu ya wavunaji atakaowapata, akafurahi, akamvulia Mize pete yake iwe alama ya idhini. Hata hakumuuliza ataanzia wapi.

Mize akaanzia kwa Sultani. Kwani mgeni wa adabu akiingia mjini hupita kwanza kwa mkubwa, na mtumishi wa sheria vilevile. Mke wa Sultani alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mamake, na mwanawe, Sefu, alikuwa chini ya mayaya wengi, waliokonda kwa kumkimbiza. Kesho yake asubuhi Mize akaonyesha pete, Mwanaidi akaonyesha namna, na Sefu, ambaye hakubali kushindwa na mtoto wa mfua nguo, akalishika sikio lake mara moja. Basi Mize akawaambia mayaya kwamba mtoto huyu anajilea, sheria imesema. Wale mayaya hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Wakatoka na mabuli yao ya chai, na mmoja aliondoka huku akiimba.

Sefu akatazama kulia na kushoto, akaona hana mtu, akaenda kumtafuta baba yake.

Sultani alikuwa ameketi barazani na kadhi kuamua ugomvi wa mpaka. Mtoto akaingia na mbuzi. Mbuzi akala hati za mpaka, na hivyo ugomvi ukaisha bila hukumu. Sultani akaita mayaya, hakuna aliyeitika. Akamkalisha Sefu kando yake, akageuka kidogo tu, na kadhi aliyesinzia akaamka ndevu zimepungua upande mmoja, na mkasi uko mkononi mwa mtoto. Ikawa pilau ya mchana imepoa haijaguswa, maana mtoto alikuwa amejifungia katika chumba cha asali. Alasiri akapotea kabisa. Sultani alimtafuta kila chumba, asimwone, mpaka aliposikia kicheko kinatoka juu, akamwona mwanawe amesimama ukingoni mwa dari ya wazi juu ya nyumba akijaribu kushika njiwa. Hapo Sultani akawa baba kama baba yeyote. Alipanda ngazi bila viatu, bila kilemba, akamkumbatia mtoto kiunoni, wakaketi wote wawili huko juu, mmoja analia, na si yule mdogo.

Jua lilipozama, Mize aliletwa mbele yake, na binti yake kamshika kanga. Waziri Makungu naye alikuwepo, akasema haraka kwamba mwanamke huyu apigwe, kwani amemdharau mtawala.

"Sikumdharau, bwana wangu," Mize akasema. "Niliambiwa sheria haibagui mkubwa wala mdogo, nami sikubagua. Ila nina swali moja, nikipewa ruhusa."

Sultani akamwashiria aseme.

"Leo, tangu jua lilipochomoza hadi lilipozama, Sultani wangu amefanya kazi gani?"

"Kazi gani?" Sultani akasema kwa uchungu. "Leo sikufanya kazi hata moja. Nilikuwa namwangalia mtoto."

Mize akamgeukia Waziri kwa adabu. "Bwana Waziri, huyu hapa ni mzazi. Mtoto wake amefika sikio, nami ni shahidi. Naye mwenyewe amekiri kwamba kutwa nzima hakufanya kazi. Kwa sheria, kesho apewe chakula au asipewe?"

Waziri akatazama mazulia. Kwani akisema apewe, sheria yake imekufa, na akisema asipewe, amekufa yeye.

Sultani akajitazama alivyo, kanzu imejaa asali, miguu ina vumbi la dari, na kadhi kando yake ana nusu ya ndevu. Akaanza kucheka. Akacheka hata akashika nguzo, na Sefu akacheka kwa kumwona baba yake anacheka. Kisha akajifuta macho, akamuuliza Mize, kwa sauti nyingine kabisa, kama yeye pia amewahi kumwona mwanawe ukingoni. Mize akamweleza habari ya uji na paa. Safari hii alisema bila uso wa kipunguani, na machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Usiku huohuo, na kwa mara ya kwanza akiwa na njaa, Sultani alifikiri. Akaamuru mbiu ipigwe tena: mzazi wa mtoto aliyefika sikio afanye kazi ya asubuhi, na hiyo ihesabiwe kazi nzima, maana kazi ya alasiri iko nyumbani inamngoja, na anayetaka kwenda kutwa, watoto wake watunzwe uani kwa Sultani. Mayaya wakarudishwa kwa ujira mnono, na Mize akawekwa kuwa mkubwa wao, na binti yake akicheza palepale machoni pake.

Ama Waziri, Sultani hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba kesho, mayaya wakiwa bado wanapumzika, Sefu atakuwa mikononi mwake tangu jua lichomozapo hadi lizamapo.

Basi wenye kuhadithia wanasema adhuhuri ilikuwa haijafika walipomwona Waziri Makungu, kilemba chake kiko shingoni mwa mbuzi, anapiga magoti mbele ya Sultani akiomba apelekwe ng'ambo ya mto, akavune mtama.