Karibu ya Mama Generosa

Theluji iliyeyuka mwaka ule bila mtu kuishangilia. Miti ya mji wa Columbia Heights, huko ughaibuni, ilichipua, jua likarudi, ndege nao wakarudi, lakini watu walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu ya korona. Dativa alikuwa hoi bin taabani. Kutwa alihudumia wazee katika nyumba ya wagonjwa, barakoa ikimchubua pua, na akirudi kwake alimkuta mgonjwa mwingine: mama yake mzazi.

Mama Generosa alikuwa ametoka Bukoba kuja kumtembelea binti yake kwa majuma machache tu. Ndege zikasimama, naye akakwama. Kisha akaacha kula. Hakuwa na homa wala kikohozi. Dativa, kwa kuogopa kumwambukiza maradhi ya kazini, alimpelekea chakula chumbani na kumwachia mlangoni, na sahani ilirudi imedonolewa pembeni tu. Daktari alimtazama kupitia simu, akaonya kwamba akizidi kukonda itabidi alazwe. Dativa alijua vizuri maana ya kulazwa siku zile. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia, na wazee wengi walikuwa wamekata roho bila mtu wao karibu. Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Jumamosi moja ya Mei aliamua kumtoa mama apunge hewa. Alipika ndizi kwa maharage, akazitia kwenye hotipoti, wakaenda kwenye bustani moja yenye ziwa kule Roseville. Njiani alimpa masharti: asimpe mtu mkono, asimsogelee mtu, na zaidi ya yote, asimkaribishe mtu chakula. Mama aliitikia kwa kichwa. Masikio yalikuwa yamesikia, lakini kinywa kilikuwa na mazoea yake ya miaka sabini.

Walikuwa ndio kwanza wametandika shuka na kupakua, mwanamume mmoja aliyevaa sare za hospitali akaja kuketi kwenye benchi la mbali kidogo. Alikuwa akimalizia maongezi ya simu kwa Kiswahili, macho mekundu kwa kukesha kazini.

"Karibu, mwanangu," Mama akamwambia.

Kwa Watanzania neno hilo lina jibu lake. Mtu husema, "Ahsante, starehe," mambo yakaisha, kila mtu akala chake. Dativa alilisubiri jibu hilo. Lakini bwana yule, aliyeitwa Naftali, alikuwa Mkenya, na wenzetu hao ukiwaambia karibu, wanakaribia.

"Asante sana, mum. Acha nikuje," akasema, akainuka.

Dativa naye akainuka upesi. Kumfukuza mtu aliyekwisha kukaribishwa ilikuwa aibu kubwa, na kumwacha asogee ilikuwa kuchezea roho ya mama. Akamwomba Naftali asimame palepale. Alimpakulia, akaiweka sahani nyasini katikati yao, akarudi nyuma. Naftali akaichukua, akaketi chini kulekule mbali. Alieleza kwamba tangu Machi alikuwa akila peke yake ndani ya gari.

Mama alimtazama anavyokula. Akamuuliza kama chumvi imekolea.

"Iko tu sawa, mum," Naftali akajibu. "Hii matoke ni ya home kabisa."

Hapo Mama akaivuta sahani yake. Kwao mwenyeji hamwachi mgeni ale peke yake, asije akadhani chakula kina walakini. Akamega kidogo, akamega tena. Naftali alipoomba nyongeza, Mama naye akajiongezea. Dativa aligeukia ziwa, machozi yakamlowesha barakoa.

"Kumbe una njaa, mama?" aliuliza.

"Njaa ninayo siku zote, mwanangu. Sikuwa na wa kula naye."

Dativa alikuwa amewaweka watu wote mbali na mama, hata yeye mwenyewe, ili kumwokoa, na nusura amuue kwa upweke. Umbali ule wa nyasi ulimfundisha kwamba watu wanaweza kula pamoja bila kusogeleana. Akamwomba Naftali aje tena Jumamosi inayofuata, kisha akapakua sahani yake, akaketi upande wa pili wa shuka na kula mbele ya mama yake. Uchovu haukumwondoka, kwani kesho yake kazi ilikuwa palepale, lakini mama alikuwa amekula akashiba. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.