Ndama wa Mchana

Msimu wa kuzaa ulipokaribia, Robi, aliyetunza ng'ombe wa Mzee Kisyeri, alimwomba ndama mmoja wa kufuga ili baadaye mwanawe apate maziwa.

Mzee alijua ng'ombe wake huzaa usiku. Akatangaza mbele ya majirani, "Kila ndama atakayezaliwa mchana ni wako. Wa usiku ni wangu."

"Asante, baba. Basi niruhusu niwape majani jioni badala ya asubuhi."

"Kwa nini?"

"Wana mimba, baba. Nawaonea huruma wakilala na njaa."

"Huruma yako hainipunguzii kitu. Wape."

Mwezi ule ng'ombe wanane walizaa. Sita walizaa jua likiwaka, na Robi akawafunga ndama sita kamba nyekundu shingoni.

"Umewalisha dawa gani wewe?" Mzee alifoka.

"Majani yako tu, baba. Ng'ombe akila jioni, usiku kucha hucheua. Wengi hawashikwi na uchungu mpaka kupambazuke. Mama yangu alinifundisha."

"Mwakani utawalisha asubuhi!"

"Mwakani tafuta mtu mwingine, baba. Mimi nitakuwa na wangu wa kulisha."